Saini ya Mama Elisa

Mafalala ni mtaa wa mbao na mabati. Uko Maputo, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, na mpaka leo nyumba zake nyingi zimesimama kama zilivyosimama zamani, mabati yameota kutu, uchochoro mmoja unatokea kwenye mwingine. Enzi za Wareno jiji hilo liliitwa Lourenço Marques, na katika mazungumzo ya watu lilikuwa miji miwili: mji wa saruji, walikokaa Wazungu, na mji wa matete, walikokaa wengine. Mafalala ulikuwa pale mpakani. Nyumba ya tofali ilikuwa haki ya upande wa pili. Upande huu mtu alijenga kwa mbao na mabati, akaomba Mungu asije akafika mtu na karatasi ya kumhamisha.

Wakazi wake wengi walikuwa wametoka mbali. Walikuwapo Wamakua wa kaskazini, walikuwapo Wakomoro waliokuja na vyombo vya baharini, na Uislamu wao ulikuwa ule wa pwani yetu. Mtaa una msikiti unaoitwa Baraza, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Hapo Mafalala ndipo alipoishi mshairi José Craveirinha, na ndipo alipozaliwa, tarehe 25 Januari 1942, mtoto aliyeitwa Eusébio da Silva Ferreira. Baba yake, Laurindo, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Malanje, Angola. Mama yake, Elisa Anissabeni, alikuwa mwenyeji wa Msumbiji. Eusébio alipofika umri wa miaka 8 baba akafariki kwa pepopunda, na mama akabaki na watoto wa kulea.

Safari ya mtoto huyo kutoka Mafalala hadi Benfica ya Lisbon, miaka 10 baadaye, imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi husimuliwa kama kisa cha wizi: klabu moja kubwa imemwibia mwenzake mchezaji usiku. Viongozi wa Lisbon ndio hupewa nafasi ya mbele. Mimi nimeisoma habari hiyo kwa muda mrefu, na kila nikiirudia namwona mjane mmoja aliyefuatwa nyumbani kwake na watu waliokuwa tayari kuzungumza naye. Wengine walikuwa wamepita mlangoni pake bila kubisha hodi.

Kabla ya kufika huko, tumwangalie mtoto. Mpira aliokulia nao, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaujua. Unachukua soksi kuukuu, unaisindilia magazeti, unaikaza, unaigeuza, unaikaza tena. Mpira wa namna hiyo haudundi. Ukiupiga ovyo unafumuka. Ukiupiga sawasawa unakwenda hatua kadhaa, kisha unafia mchangani. Mtoto anayeukulia anajifunza kuupiga kwa nguvu zote na kuupiga katikati, kwa sababu mpira wenyewe haumsaidii kwa lolote. Eusébio aliucheza peku, akitoroka shule, na mama hakufurahia hata kidogo. Vijana wa mtaani walikuwa na timu yao, Os Brasileiros, yaani Wabrazili, na kila mmoja alijipa jina la nyota wa Brazil. Chandimu kama chandimu nyingine, ila katika hii alikuwamo mtoto ambaye shuti lake lilikuwa limeanza kuzungumzwa.

Sasa ni lazima nieleze jinsi soka la makoloni ya Ureno lilivyopangwa, maana bila hilo ugomvi wote wa baadaye haueleweki. Klabu kubwa za Lisbon, Benfica na Sporting, ambao ni watani wa jadi kama Simba na Yanga walivyo kwetu, zilikuwa na matawi yao ng'ambo ya bahari. Lourenço Marques kulikuwa na Sporting Clube de Lourenço Marques, tawi la Sporting, na kulikuwa na Grupo Desportivo, ambao walikuwa upande wa Benfica. Kijana wa Mafalala akijulikana, alichukuliwa na tawi, na tawi likampandisha kwa mama yake wa Lisbon.

Eusébio alikuwa shabiki wa Desportivo. Akaenda huko na wenzake kuomba nafasi. Wakamkataa, na kwa maelezo yake mwenyewe hawakumpa hata nafasi ya kugusa mpira ili wamwone. Akatoka hapo akaenda Sporting, wakampokea. Kwa hiyo mtu ambaye Benfica baadaye walimtafuta kwa siri, kwa fedha na kwa jina la bandia, alikuwa amesimama kwenye geti la tawi lao wenyewe, akaambiwa arudi alikotoka. Nadhani hakuna mzee wa Desportivo aliyelala vizuri baada ya mwaka 1961.

Sporting ya Lourenço Marques ilimpa viatu na ikapata mabao. Hesabu inayotajwa ni mabao 77 katika mechi 42. Hata kama mabeki wa ligi ile walikuwa wa kiwango cha chini, mabao karibu mawili kwa kila mechi kwa kijana ambaye hajafika miaka 19 ni jambo la kumsimamisha mtu. Na watu walianza kusimama. Eusébio alisimulia kwamba akiwa na miaka 15, Juventus ya Italia ilipata habari zake kupitia kwa mtu wake aliyewahi kuwa kipa maarufu huko, ikataka kumchukua. Mama Elisa hakutaka kulisikia jambo hilo. Mwanawe alikuwa mtoto, Italia ni mbali, na hakuna aliyemweleza mtoto angeishi na nani. Basi likaishia hapo.

Jibu hilo la mama tulishike, tutalirudia.

Katika miaka ile Benfica ilikuwa na desturi ya kuchezesha Wareno tu, desturi iliyodumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Klabu nyingine za Ulaya zilinunua Waajentina na Wahungaria. Benfica haikununua mgeni. Lakini mtu wa Msumbiji na wa Angola, kwa hesabu ya serikali ya Salazar, mtawala wa Ureno, hakuwa mgeni. Tangu 1951 makoloni yalikuwa yamebadilishwa jina yakaitwa mikoa ya ng'ambo, na Lourenço Marques ikahesabiwa kuwa Ureno sawa na Lisbon. Kwenye karatasi ya usajili wa mchezaji, kijana wa Mafalala alikuwa Mreno kamili. Kwenye kituo cha polisi cha mtaani kwake ilikuwa habari nyingine: sheria ya wenyeji, iliyomtenga Mwafrika na raia na kumlazimisha kutembea na kitambulisho chake cha pekee, ilifutwa Septemba 1961 tu, miezi kadhaa baada ya Eusébio kuanza kuifungia Benfica mabao.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kanyagwa. Matateu alikwenda Belenenses mwaka 1951 akawa mfungaji bora wa Ureno mara mbili. Mário Coluna, mzaliwa wa Inhaca, alikwenda Benfica mwaka 1954. Hilário, mtoto wa Mafalala kama Eusébio, alikwenda Sporting mwaka 1958. Hata kipa wa Benfica, Costa Pereira, alikuwa Mreno aliyezaliwa Nacala, na nahodha José Águas alitoka Angola. Lisbon ilikuwa inachota.

Na jiji hilohilo lilikuwa limezoea kuchotwa. Wanaume wa kusini mwa Msumbiji walikuwa wakiandikishwa na kupakiwa kwenye treni kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kupitia shirika ambalo hata wazee wa Mbeya na Rungwe wanalikumbuka kwa jina la Wenela. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akaenda, akarudi au hakurudi. Sitaki kusema mchezaji mpira ni mchimba madini. Nasema tu kwamba katika nyumba za Mafalala, mtu mgeni akija na karatasi ya kumchukua kijana wako, mama alikuwa na sababu nzuri ya kuuliza maswali kabla ya kuandaa kiti.

Mwaka 1960 ikafika Lourenço Marques timu moja ya Brazil iliyokuwa ziarani, Ferroviária ya Araraquara. Kocha wake alikuwa José Carlos Bauer, kiungo aliyeichezea Brazil katika Kombe la Dunia la 1950. Bauer alimwona kijana wa Sporting akikimbia na mpira, akarudi na habari ambayo hakuweza kukaa nayo kimya. Husimuliwa kwamba aliwaeleza São Paulo kwanza, na São Paulo hawakujali. Kisha akiwa Lisbon akakutana na Béla Guttmann kwenye kiti cha kinyozi.

Guttmann alikuwa kocha wa Benfica, Myahudi wa Budapest aliyenusurika mauaji ya Wanazi, mtu aliyefundisha katika nchi nyingi. Alikuwa amewahi kuifundisha São Paulo mwaka 1957. Alikuwa pale kwa kinyozi, na mtu anayejua mpira anamwambia kuna kijana Msumbiji ambaye anakimbia kama mwanariadha na anapiga mashuti kwa mguu wa kulia kama mzinga. Mtu mwingine angesema asante, akaendelea kunyolewa. Guttmann aliwaamini Wabrazili wake. Siku chache tu, na Benfica ikawa imeshaamua.

Kikwazo kilikuwa wazi. Kijana alikuwa wa tawi la Sporting, na Sporting ya Lisbon nayo ilimtaka. Ila ilimtaka kwa namna yake: aje kama mchezaji wa timu ya vijana, ajaribiwe, apate uzoefu, bila malipo. Kwao jambo lilikuwa limekwisha. Mtoto ni wa tawi, tawi ni letu, basi mtoto ni wetu. Nani angehitaji kwenda Mafalala?

Benfica walikwenda. Eusébio alilieleza jambo hili katika mahojiano ya uzeeni mwake, na maelezo yake hayakuwa na makuu: walikwenda wakazungumza na mama yake na kaka yake, wakatoa dau la mkataba wa miaka mitatu. Kaka mtu akataka mara mbili ya dau hilo. Benfica wakakubali. Mkataba ukasainiwa na mama, na fedha akapokea mama.

Kisheria haikuwezekana vinginevyo. Umri wa utu uzima katika sheria za Ureno wakati huo ulikuwa miaka 21, na Eusébio alikuwa na 18. Saini yake haikuwa na uzito. Hata saini ya klabu yake haikutosha, kwa sababu alikuwa hajafungwa na mkataba wa kulipwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mama mjane wa Mafalala, na katika mashauri yote yaliyofanyika Lisbon kuhusu miguu ya mwanawe, klabu moja tu ndiyo iliyoligundua hilo mapema.

Napenda kumfikiria yule kaka pia. Kijana wa mtaa wa mabati, mbele yake wajumbe wa klabu ya Lisbon waliovaa suti, wametaja kiasi ambacho pengine hakijawahi kutajwa ndani ya nyumba ile. Wengi wetu tungetikisa kichwa haraka kabla hawajabadili mawazo. Yeye akasema mara mbili. Biashara ya soka ya leo ina mawakala wenye ofisi na wanasheria, na sidhani wengi wao wamewahi kufanya kikao kifupi chenye faida kama kile.

Kumsafirisha sasa kukawa kazi ya siri. Sporting walikuwa na watu wao bandarini, uwanja wa ndege, posta, kila mahali, kwa sababu jiji lile halikuwa kubwa na kila mwenye cheo alikuwa shabiki wa upande mmoja au mwingine. Kwa hiyo katika mawasiliano kati ya Lourenço Marques na Lisbon, kijana akapewa jina la kike: Ruth Malosso. Aliyeona jina hilo alidhani ni binti fulani anasafiri. Katikati ya Desemba 1960, Ruth Malosso akapanda ndege.

Aliondoka joto la Desemba la Msumbiji akashuka kwenye baridi ya Lisbon. Na kelele zikaanza. Sporting wakasema mchezaji wao ametekwa; Benfica wakaonyesha karatasi yenye saini ya mama. Magazeti yakapata chakula cha wiki nzima. Benfica wakaona Lisbon hapakaliki, wakamchukua wakampeleka kusini kabisa, Lagos ya Algarve, mji wa pwani, wakamweka hotelini siku 12 mpaka vumbi litulie. Kijana wa miaka 18, mara ya kwanza ng'ambo, Krismasi iko mlangoni, anatazama bahari asiyoijua kupitia dirisha la hoteli na haruhusiwi kujulikana yuko wapi. Mashabiki wa Kariakoo wanaoijua michezo ya kumficha mchezaji siku za usajili watatabasamu hapa. Lakini wa kwetu wakifichwa, angalau wanafichwa mahali ambapo mtu anaweza kuwaletea chakula cha nyumbani.

Katika mzigo wake alikuwa na barua. Mama Elisa alimwandikia Mário Coluna, ambaye wakati huo alikuwa Benfica mwaka wa saba, mtu mzima mwenye heshima zake, akamwomba amwangalie mwanawe. Hii ndiyo sababu nilisema tulishike lile jibu alilowapa Juventus. Italia hapakuwa na mtu wake. Lisbon palikuwa na mtoto wa nyumbani ambaye angeweza kumkabidhi kijana wake, kama mama wa Lindi anavyomtuma mtoto kwa ndugu aliyetangulia Dar es Salaam: huyu hapa, mlee kama wako.

Coluna alimpokea barabara. Alimsaidia kupata nguo za baridi, akamwongoza katika mambo ya fedha, akamwonyesha mji. Eusébio hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Mpaka mwisho alimwita Senhor Coluna, na Senhor hapo lisomwe kama "mzee" linavyosomwa kwetu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kungoja. Sporting ya Lourenço Marques haikutoa barua ya kumwachia, na bila barua hiyo shirikisho halikumwandikisha. Januari, Februari, Machi, Aprili, kijana anafanya mazoezi na kikosi cha kwanza, anaishi kwenye nyumba ya wachezaji wa klabu, na Jumapili anakaa jukwaani. Husimuliwa kwamba Guttmann alipomwona mazoezini siku za mwanzo alisema hii ni dhahabu. Dhahabu ilikaa kabatini. Mambo yakamalizika Mei 1961, na tarehe 23 ya mwezi huo akavaa jezi nyekundu kwa mara ya kwanza, mechi ya kirafiki dhidi ya Atlético. Akafunga matatu.

Siku 8 baadaye Benfica ikacheza fainali ya Kombe la Ulaya mjini Bern, Uswisi, ikaifunga Barcelona 3-2. Eusébio hakuwamo, usajili wake ulichelewa. Kesho yake, 1 Juni, klabu ilikuwa na mechi ya Kombe la Ureno huko Setúbal, na shirikisho likakataa kuisogeza. Mashujaa wa Bern wako njiani na kombe, na huku wachezaji wa akiba wanaingia uwanjani. Ndipo Eusébio alipocheza mechi yake ya kwanza rasmi: Benfica ikafungwa 4-1, akafunga bao lile moja, akakosa penalti. Tarehe 10 Juni alicheza ligi kwa mara ya kwanza, dhidi ya Belenenses ya kina Matateu, wakashinda 4-0 na yeye akapata lake. Tarehe 15 Juni, Paris, mashindano ya kirafiki, Santos ya Pelé inawatandika. Anaingizwa kipindi cha pili akafunga matatu katika muda wa chini ya dakika 20. Santos walishinda 6-3, lakini gazeti la L'Équipe likaweka kwenye ukurasa wa kwanza hesabu yake yenyewe: Eusébio 3, Pelé 2.

Je, aliibiwa? Nimejaribu kuwaelewa Sporting. Tawi lao ndilo lililompokea alipokataliwa kwingine, ndilo lililompa viatu na uwanja, na kupoteza kijana kama yule kunauma mpaka leo. Ila malalamiko yao yalijengwa juu ya dhana kwamba mtu uliyemlea ni mali yako hata kama hujamlipa na hujamwambia mama yake unamtakia nini. Hapo siwezi kuwafuata. Wangekwenda Mafalala wao kwanza, wakakaa kwenye kiti cha Mama Elisa na kutaja kiasi, pengine leo Sporting ndio wangekuwa na sanamu yake nje ya uwanja.

Mei 2, 1962, uwanja wa Olimpiki wa Amsterdam. Benfica na Real Madrid, fainali ya Kombe la Ulaya. Puskás anafunga matatu kabla ya mapumziko, Madrid wanakwenda chumbani wakiongoza 3-2. Kipindi cha pili Coluna anasawazisha kwa shuti la mbali. Kisha Eusébio anakimbia na mpira, anaangushwa ndani ya boksi. Penalti. Kijana ana miaka 20, fainali iko 3-3, na kabla ya kuushika mpira anakwenda kwa Coluna na kumwomba ruhusa: Senhor Coluna, naomba nipige mimi. Coluna anamruhusu. Anapiga, 4-3. Dakika chache baadaye mpira wa adhabu unasogezwa kidogo mbele yake, anauachia kwa mguu wa kulia, 5-3.

Filimbi ya mwisho ilipolia mashabiki waliingia uwanjani na kumbeba juu. Yeye mawazo yake yalikuwa kwenye jezi. Di Stéfano wa Madrid alikuwa mungu wake wa utotoni, na Eusébio alikuwa amemtuma Coluna amwombee jezi yake, kwa sababu mwenyewe aliona haya. Jezi akaipata. Alipobebwa juu ya mabega ya watu, aliishindilia ndani ya bukta asije akanyang'anywa. Wakivuta hiki, wakivuta kile, yeye mkono mmoja umekaza bukta. Alisema baadaye kwamba jezi ile ilimfurahisha kuliko medali.

Wiki 7 na siku kadhaa baada ya fainali hiyo, tarehe 25 Juni 1962, wakimbizi na wanaharakati wa Msumbiji walikutana Dar es Salaam wakaunganisha vyama vyao vitatu, UDENAMO, MANU na UNAMI, wakaunda FRELIMO. Wamakonde waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walikuwa miongoni mwao. Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza, risasi ikalia Chai, Cabo Delgado. Kuanzia hapo Eusébio akawa na maisha mawili. Kwa vijana waliokuwa wakijifunza silaha Kongwa na Nachingwea alikuwa ndugu yao anayeng'aa. Kwa serikali ya Salazar alikuwa ushahidi unaotembea: mnasema tunawabagua Waafrika, mtazameni Eusébio. Mwaka 1966 timu ya Ureno iliyokwenda Kombe la Dunia Uingereza ilikuwa na wazaliwa wanne wa Msumbiji, yeye, Coluna, Hilário na Vicente, na nahodha aliyewaongoza uwanjani alikuwa Coluna.

Katika mashindano hayo alifunga mabao 9. Manne yalikuwa ya siku moja, 23 Julai, Goodison Park, Korea Kaskazini wakiwa wameshaongoza 3-0 ndani ya dakika 25. Alifunga la kwanza, akauchukua mpira wavuni, akakimbia nao hadi katikati. Ureno ikashinda 5-3.

Wakorea haohao, siku 4 nyuma, walikuwa wameifunga Italia 1-0 mjini Middlesbrough. Waitalia walirudi nyumbani kwa fedheha, wakaamua klabu zao zisisajili tena mchezaji wa kigeni, na mlango huo ulikuja kufunguliwa mwaka 1980. Inter Milan walikuwa wakimtaka Eusébio kwa fedha ambazo Benfica isingeweza kumlipa. Hesabu ikavunjika. Yeye alisimulia pia kwamba Salazar mwenyewe alimzuia kuondoka, kwa hoja kwamba yeye ni hazina ya taifa. Na kanuni za wakati ule, Ureno kama ilivyokuwa kwingi Ulaya, ziliiacha klabu na haki ya kumshikilia mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Yule aliyeingia Benfica kwa saini ya mama yake aligundua kwamba kutoka kunahitaji saini za watu wengi zaidi, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kufuatwa Mafalala.

Akabaki. Miaka 15 ya jezi nyekundu, ubingwa wa ligi mara 11, mfungaji bora mara 7, Mpira wa Dhahabu wa 1965, mabao 473 katika mechi 440. Goti lake la kushoto lilipasuliwa mara kadhaa, na mara nyingi alirudishwa uwanjani kabla halijapona. Aliondoka mwaka 1975, mwaka uleule Msumbiji ilipopata uhuru, akaenda kutafuta riziki Marekani na Mexico na Canada, kwenye nyasi za bandia, kwa goti lile.

Coluna alirudi nyumbani. Baada ya uhuru aliishi Maputo, akafundisha, akaongoza shirikisho la soka la nchi yake. Eusébio alirudi Lisbon, akafariki huko tarehe 5 Januari 2014. Kesho yake jeneza lake lilizungushwa ndani ya uwanja wa Benfica, kama alivyokuwa ameomba. Mzee Coluna, aliyepokea ile barua, alifariki Maputo tarehe 25 Februari, siku 51 baadaye.